Kikao cha Dakika Tisa

Nchi ninayotaka kuisimulia haina jina kwa sasa. Ilikuwa nalo, jina zuri tu, lakini lilipelekwa kwa wataalamu likaboreshwe, na wataalamu wamekwenda semina. Tukiwa tunasubiri warudi, tunaiita Nchi, na mambo yanakwenda. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Haifanani na nchi yoyote anayoijua, na akiona inafanana, basi kosa ni la macho yake.

Katika Nchi hiyo mimi, Lusajo, ni Afisa Msaidizi wa Uthibiti Ubora wa Chuo Kikuu cha Upeo. Nimekalia kiti hicho miaka kumi na minne na sijawahi kusinzia kazini zaidi ya inavyoruhusiwa. Kazi yangu ni kupokea fomu, kuzigonga muhuri na kuzipeleka mbele ya kamati inayohusika pindi kamati hiyo itakapokaa. Kama kamati haijakaa, fomu nazo husubiri kwenye trei.

Kila baada ya miaka mitano, Tume Kuu ya Ithibati huja kupima kama chuo kinastahili kuendelea kuitwa chuo. Zamani, nasikia, wakaguzi walikuwa wakiwauliza wanafunzi wamejifunza nini. Utaratibu huo uliachwa kwa sababu majibu yalikuwa yanatofautiana. Siku hizi Tume ina Mwongozo, kitabu chenye vigezo sitini na kimoja, na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi za dhahabu, pameandikwa: KISICHOANDIKWA HAKIKUTENDEKA.

Barua ilipofika kwamba Tume ingekuja baada ya wiki sita, Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Ngwatu, alituita wote ukumbini na kuuliza chuo kina mihtasari mingapi ya vikao kwa miaka mitano iliyopita. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikajibu kwamba ipo minne. Miwili ilikuwa ya kupanga hafla ya kuwaaga wastaafu, mmoja ulikuwa wa kuiahirisha hafla hiyo, na wa nne ulimwagikiwa chai ukawa hausomeki.

Kila mtu alikuwa anakifikiria chuo cha jirani kilichonyimwa ithibati mwaka juzi. Leo ni ghala la mbolea. Wanafunzi wake elfu tatu walirudishiwa vyeti vyao vya sekondari ndani ya magunia, wakaambiwa kila mtu apekue atafute chake.

Profesa Ngwatu alivua miwani akaipangusa kwa tai.

"Ndugu zangu wanazuoni," alisema, "mimi nimefundisha mantiki kwa miaka ishirini na miwili. Kama kisichoandikwa hakikutendeka, basi kilichoandikwa kimetendeka. Nasema uongo?"

"Hapana, Mheshimiwa Makamu!"

"Kwa hiyo tatizo letu si kwamba hatukukaa. Tatizo letu ni kwamba vikao vya nyuma bado hatujavikaa. Na hapa nataka tuelewane vizuri. Kughushi muhtasari ni jinai, na chuo hiki hakighushi. Sisi tutakaa kweli, tutajadili kweli, na chai tutakunywa kweli. Tarehe tu ndiyo itakuwa ya wakati ule."

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye dari. Ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Vikao Vilivyopita, yenye jukumu la kukaa vikao mia mbili na kumi na viwili ndani ya wiki tano. Niliteuliwa kuwa mjumbe. Nilifurahi sana, sioni sababu ya kuficha.

* * *

Mwandishi wa vikao alikuwa Bi. Mwasiti, ambaye pale chuoni tulizoea kumwita mama Hiba. Anaandika kwa kasi, hakosei, na hana tabia ya kuuliza. Mume wake, Nuhu Sekiteke, alikuwa fundi sanifu wa maabara yetu ya kemia. Miaka mitatu iliyopita, tarehe tatu ya mwezi wa saba, Nuhu aliingia kwenye chumba cha kuandalia kemikali kutayarisha somo la vitendo la mwaka wa kwanza. Chumba hicho hakina dirisha. Kina feni ukutani ya kutolea hewa yenye sumu, na feni hiyo ilikuwa haizunguki tangu mwaka uliotangulia. Walimkuta adhuhuri, ameegemea mlango kwa ndani.

Chuo kilibandika taarifa ya awali kwenye ubao wa matangazo, kwa pini nne: "Marehemu alifariki kutokana na uzembe wake mwenyewe." Taarifa kamili ingetolewa na Kamati ya Uchunguzi itakapokaa. Kila mwezi kwa miaka mitatu mama Hiba alifika kuuliza kama kamati imekaa, na kila mwezi alijibiwa kwamba haijakaa. Kila asubuhi alipita mbele ya ubao ule akienda kuandika vikao vya watu wengine, pale ambapo vilikaa. Binti yao, Hiba, alishaulizwa na wenzake shuleni kama ni kweli baba yake alijiua kwa kutokuwa makini.

Orodha ya vikao vya nyuma ilipokuwa inapangwa, mama Hiba aliinua mkono. Hatukuwa tumezoea.

"Mheshimiwa Makamu, naomba tuongeze kikao kimoja."

"Kipi hicho, mama Hiba?"

"Cha uchunguzi wa kifo cha baba Hiba. Kilitakiwa kukaa mwezi wa saba, mwaka ule. Hakikukaa."

Profesa Ngwatu alifungua Mwongozo, akapitisha kidole, uso ukamng'aa. "Kigezo cha thelathini na nane! Ushahidi wa kushughulikia ajali! Mama, umetuokoa. Kiingizwe, kiwe cha tisini na nne."

Tulipotoka nje mama Hiba alinifuata kwenye korido.

"Kaka Lusajo, mimi sitaki makubwa. Nataka sentensi moja tu. Waandike kwamba feni ilikuwa mbovu. Nitakwenda kuibandika palepale walipobandika ile nyingine."

"Itaandikwa, shemeji," nilimwambia.

"Na wewe unajua kwamba ilikuwa mbovu."

"Ofisi husika ilikuwa na taarifa," nilimjibu, nikaenda zangu.

* * *

Tulianza kukaa. Kalenda ya mwaka husika ilitundikwa ukutani, na kikao kikiwa cha masika wajumbe waliingia na miavuli. Wastaafu watatu waliletwa kutoka makwao wakarudishwa kwenye vyeo vyao. Mhadhiri mmoja aliyeajiriwa mwaka jana alikaa nje kwenye benchi kwa wiki tatu na nusu, maana alikuwa bado hajaajiriwa, na siku tarehe yake ilipofika alikaribishwa kwa shangwe, akaulizwa safari ilikuwaje.

Mijadala ilikuwa ya kiwango cha juu. Mkuu wa Kitivo cha Sheria alitahadharisha kwamba wanafunzi huenda wakagoma mwezi wa tano, na kwa kuwa kweli waligoma mwezi wa tano, alipongezwa kwa kuona mbali. Mkuu wa Idara ya Kilimo alitabiri ukame mara mbili, akapatia mara zote mbili. Sijawahi kuona wasomi wakiwa na uhakika wa mambo namna ile.

Mama Hiba aliandika tu. Asubuhi aliangalia namba ya kikao, na jioni aliangalia namba ya kikao. Sitini na tatu. Sabini na moja. Themanini. Nilikuwa nakaa karibu yake na nilijua anahesabu kuelekea wapi.

Tulipofika kikao cha themanini na saba, yaani Kamati ya Usalama Mahali pa Kazi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, wiki tatu kabla ya kifo cha Nuhu, Wakili wa Chuo, Bwana Fikirini, aliomba nafasi.

"Mwenyekiti, nitazungumza kama mtu mzima. Tukifika kikao cha tisini na nne hali ya feni ikiwa hivi ilivyo, tutaonekana tulijua na hatukufanya kitu. Lakini leo ni tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita. Bado tuna muda. Napendekeza tuitengeneze."

"Leo?" aliuliza Profesa Ngwatu.

"Leo hii. Kamati iagize feni itengenezwe, fundi wa maabara athibitishe kwamba inazunguka, tufunge kikao."

"Hoja imetolewa. Nani anaunga mkono?"

Mimi si mtu wa kuchelewesha kazi. Niliunga mkono.

Mhandisi wa majengo aliulizwa kama ana vifaa, akasema vipo stoo, vimekuwepo siku zote, ni waya mmoja na mkanda. Mkuu wa Idara ya Kemia alishukuru kwa niaba ya idara. Profesa Ngwatu alisema kwamba uhai wa mtumishi mmoja ni mali ya taifa zima, na kwamba yeye binafsi asingelala usingizi kama angejua kuna feni isiyozunguka. Tulipiga makofi. Kikao kilifungwa.

Mama Hiba alikuwa ameacha kuandika.

"Mwenyekiti, nisaidieni muda. Kilifunguliwa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

"Na kufungwa?"

Profesa Ngwatu alitazama mkono wake. "Saa nne na dakika kumi na tisa."

"Dakika tisa," alisema mama Hiba.

"Huo ndio ufanisi," alisema Bwana Fikirini.

"Dakika tisa," alirudia, safari hii taratibu, akitutazama mmoja mmoja kuanzia mwisho wa meza mpaka kwangu. Kwa kuwa haikuwa hoja, mwenyekiti alianza kukusanya karatasi zake. Mwishowe aliinamisha kichwa akaandika.

* * *

Siku ya kikao cha tisini na nne mama Hiba alikuja amevaa nguo yake nyeusi ya mazishi. Profesa Ngwatu alifungua kikao na kukifunga papo hapo.

"Hakuna ajenda," alisema. "Feni ilitengenezwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, na fundi akathibitisha. Kwa hiyo ajali haikutokea. Tukichunguza ajali ambayo haikutokea, Tume itatuuliza kama tuna akili timamu."

Mama Hiba alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kwenye kikao.

"Mume wangu nimemzika, Mheshimiwa. Mlikuja. Wewe mwenyewe ulitupa udongo."

"Hilo hatubishani, mama yangu. Pole sana. Lakini liko kwenye muhtasari upi?"

Bwana Fikirini akamsogelea kwa upole. "Na utambue kwamba tumekusaidia. Ile taarifa ya uzembe nayo imekufa. Mtu ambaye hakufariki hawezi kufariki kwa uzembe. Jina lake ni safi kuliko langu."

"Nilitaka mseme kweli."

"Hiyo ipelekwe kwenye Mengineyo," alisema mwenyekiti, nasi tukaendelea.

Alasiri ile niliibandua taarifa kwenye ubao kwa mkono wangu, nikamkabidhi mama Hiba pamoja na pini zake nne. Nilidhani atashukuru.

Kikao cha tisini na tano kilipungukiwa mjumbe mmoja kutimiza akidi. Tulitazamana, tukahesabu tena. Ndipo mmoja wa wastaafu, mzee anayesikia vizuri macho yake yakiwa yamefumbwa, akauliza, "Na yule fundi wa maabara? Si yupo?"

Kwa mujibu wa kumbukumbu, alikuwepo. Kiti kilivutwa, kikombe cha chai kikawekwa mbele yake, na mama Hiba akaamriwa aandike jina. Alifungua ukurasa mpya. Kisha akaandika, chini ya Waliohudhuria: Nuhu Sekiteke. Aliliandika tena kikao kilichofuata, na kilichofuata, mpaka cha mwisho.

Mimi ndiye niliyekuwa nafungia mihtasari kwenye majalada, kwa hiyo mimi peke yangu niliisoma. Niligundua kwamba mama Hiba alikuwa anampa mumewe maneno. Ndugu Nuhu alishauri madirisha yafunguliwe. Ndugu Nuhu alitania kwamba chai ya chuo ina haya, haionyeshi rangi. Na katika kikao kimoja cha mwezi wa kwanza, miezi kumi na minane baada ya mazishi: "Ndugu Nuhu aliomba ruhusa ya kuondoka mapema ili amsindikize mwanawe Hiba siku yake ya kwanza darasa la kwanza. Ombi lilikubaliwa."

Kanuni inanitaka nitoe maneno yasiyohusu ajenda. Sikuyatoa. Niliyafunga jaladani hivyohivyo, nikaenda chooni nikanawa uso.

* * *

Tume ilifika na magari matatu meupe. Mkaguzi Mkuu alikuwa Profesa Mwalyego, mtu mrefu mwenye rula mfukoni. Hakufungua jalada hata moja, kwa kuwa kusoma kunaweza kumfanya mkaguzi apendelee. Alipima unene. Kigezo hupita jalada lake likifika sentimita nne, na yetu yote yalifika. Jalada la usalama mahali pa kazi lilikuwa na sita na nusu, akaita wenzake waje walione.

Aliuliza pia ni mtumishi gani ana mahudhurio mazuri kuliko wote. Msaidizi wake alihesabu majina, akatangaza kwamba ni Ndugu Nuhu Sekiteke, vikao mia moja na kumi na nane mfululizo, bila kuchelewa. Profesa Mwalyego alisema huo ni mfano wa kuigwa kitaifa.

Ratiba ilikuwa na ziara ya maabara ya dakika tano. Tulimfikisha mpaka kwenye chumba cha kemikali. Fundi mpya, Bi. Adelina, alikuwa ndani amejifunga kitambaa puani.

"Hii feni inafanya kazi?" aliuliza Mkaguzi Mkuu, akianza kukohoa.

Bi. Adelina alifungua mdomo, lakini Profesa Ngwatu alishamfikishia mgeni muhtasari wa kikao cha themanini na saba, umefunguliwa ukurasa wenyewe.

"Vizuri," alisema Profesa Mwalyego. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akaegemea ukuta, akatoa kalamu, na huku bado anakohoa akaandika: inafanya kazi.

Tulipewa ithibati ya miaka mitano, daraja la juu. Cheti kilitundikwa kwenye ubao wa matangazo, mahali palipokuwa pameachwa wazi.

* * *

Kwa kuwa sasa tulikuwa chuo chenye utamaduni wa vikao, tulianza kukaa vikao vya tarehe zenyewe. Mama Hiba hakuwepo, alikuwa ameacha kazi, na mwandishi mpya alifuata orodha aliyoikuta. Kikao cha kwanza, Nuhu Sekiteke: hakuhudhuria, bila taarifa. Cha pili, bila taarifa. Baada ya cha tatu, Ofisi ya Utumishi ilimwandikia barua ya kujieleza ndani ya siku kumi na nne kwa nini asichukuliwe hatua kwa utoro, na mimi nikatumwa kuifikisha, pamoja na kitabu cha kupokelea barua.

Mama Hiba alikuwa anaanua nguo. Alinikaribisha sebuleni, akanipa maji. Ukutani palikuwa na karatasi imebandikwa kwa pini nne, nikaitambua. Ilikuwa nakala ya ule ukurasa: ombi lilikubaliwa. Hiba alikuwa amepigia mstari jina lake kwa penseli ya rangi.

"Barua ya nani?" aliuliza mama yake.

"Ya Ndugu Nuhu."

Aliisoma bahasha kwa juu, akanirudishia. Hakupandisha sauti.

"Mimi si mpokeaji, kaka Lusajo. Mpelekee mwenyewe. Yupo nyuma ya nyumba."

Nilikwenda. Sikujua nifanye kitu kingine gani. Nilisimama pale kaburini na kitabu changu kimefunguliwa, kalamu juu yake, na ndipo nikakumbuka jambo ambalo mpaka hapa nimelieleza kwa lugha ya kiofisi. Ofisi husika ni mimi. Nuhu aliniletea fomu ya feni mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anakohoa, na nilipomwambia kamati haijakaa, alicheka akasema, "Kaka Lusajo, siku ikikaa nami nipo hai, niite." Nami nilicheka. Alikuwa mcheshi.

Niliona aibu. Nilitaka kusema samahani, lakini sikuwa nimeagizwa, na ulimi wangu haujui kusema kitu ambacho haukuagizwa.

"Amepokea?" aliuliza mama Hiba kutoka mlango wa jikoni.

"Hajasaini."

"Andika amepokea. Si ndivyo mnavyoandika?"

Niliandika amepokea.

Jumatatu, nilipofika kazini, Bi. Adelina alikuwa ananisubiri mlangoni na fomu mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, baba. Feni ya maabara haizunguki."

"Marahaba. Feni ilitengenezwa, mwanangu. Iko kwenye kumbukumbu."

"Nani alithibitisha?"

"Nuhu Sekiteke."

"Yuko wapi nimuulize?"

"Siku hizi hahudhurii."

Alikohoa, akajifuta kwa kiwiko. "Basi naomba fomu yangu ifike kwenye kamati."

"Kamati ya Usalama haijakaa," nilimwambia. "Itakapokaa utaitwa."

Aliiacha fomu mezani akarudi maabara, maana wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanasubiri somo la vitendo. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi. Stoo iko hatua thelathini kutoka ofisini kwangu, na ninao ufunguo. Nilikaa nikiitazama saa ile mpaka ikafika nne na dakika kumi na tisa. Kisha niliigonga fomu muhuri, nikafungua droo ya chini, nikaiweka juu ya zile tatu za Nuhu.